Ridhaa ya Nani?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye dawati la michezo niliandika habari ya mabondia "amateur", hivyohivyo kwa Kiingereza, kwa sababu neno la Kiswahili lilinikimbia na saa ya kufunga kurasa ilikuwa imefika. Mzee aliyekuwa akisahihisha kazi zetu akaniita. "Mwanangu, hawa ni mabondia wa ridhaa. Hicho chuo kikuu ulichosoma hawakukufundisha ridhaa?" Nikasema samahani mzee, nikafuta, nikaandika ridhaa, gazeti likaenda mtamboni. Sikulifikiria tena neno hilo kwa miaka mingi.

Lilinirudia Juni 2025. Niliombwa aya tatu tu kuhusu uamuzi wa Jaji Claudia Wilken wa California, aliyeidhinisha makubaliano ya kuwalipa wanamichezo wa vyuo vikuu vya Marekani. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya huko, NCAA, pamoja na ligi kubwa zilizo chini yake, vilikubali kutoa takriban dola bilioni 2.8 kwa miaka 10 kama malipo ya nyuma kwa waliocheza tangu 2016. Na kuanzia msimu ule, kila chuo kiliruhusiwa kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka. Habari rahisi, namba zipo, majina yapo. Lakini nilipofika pa kuandika kwamba "zama za michezo ya ridhaa zimekwisha", kidole kikasita.

Neno la Kiingereza limetoka Kilatini kupitia Kifaransa, na mzizi wake ni kupenda. Amateur ni mwenye mapenzi na kitu. Sisi hatukutafsiri mapenzi, tulichukua ridhaa. (Waliosoma Chozi la Heri wanamjua Ridhaa kama jina la mtu, tena mtu aliyepotezewa kila kitu bila kuulizwa, lakini hiyo ni makala nyingine.) Ridhaa ni neno la mkataba. Bibi harusi huulizwa ridhaa yake mbele ya mashahidi. Mgonjwa hutia saini fomu ya ridhaa kabla ya kupasuliwa. Mapenzi yanaweza kukaa moyoni bila mtu kujua, ila ridhaa lazima kuna aliyeomba na aliyetoa. Basi nikajikuta najiuliza: hawa vijana wa Marekani waliocheza bila mshahara kwa zaidi ya miaka 100, ni nani aliwaomba ridhaa, na waliambiwa wanaridhia nini?

Kwa ambaye hafuatilii, lazima nieleze ukubwa wa jambo lenyewe, maana ukisikia "michezo ya vyuo" unaweza kufikiria bonanza la kitivo cha sheria dhidi ya uhandisi, mshindi anapewa mbuzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unachukua watu zaidi ya 107,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa ukijaa siku ya Simba na Yanga ni 60,000. Mwaka 2010 NCAA iliuza haki za televisheni za mashindano yake ya kikapu ya wanaume, yale ya mwezi Machi, kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji, ni kocha wa chuo. Wote wanaolizunguka jambo hili wanalipwa: kocha, mtangazaji, anayeuza jezi, anayekata nyasi. Aliyekatazwa kulipwa ni mtu mmoja tu, yule anayechezea mpira wenyewe. Na chuo kilichomlipa kwa siri kiliadhibiwa.

Nilimsimulia haya yule mzee wa dawati. Amestaafu sasa, tunakutana kwenye kahawa. Akacheka. "Sasa mtoto kasomeshwa bure, kalala bure, kala bure. Anataka nini tena? Sisi tulicheza kwa soda moja na ndizi." Sikuwa na jibu la haraka, na nakiri kwamba hoja yake ina nguvu zaidi hapa kwetu kuliko kule. Mimi bado nakatwa mkopo wa chuo kwenye mshahara. Najua familia zilizouza shamba ili mtoto amalize digrii. Ukimwambia mzazi wa Singida kwamba kuna kijana anasomeshwa bure kwenye chuo kikubwa duniani, tena kwa sababu ya kukimbia tu, na bado analalamika, atakuona umepotoka.

Nilichohitaji kumwonyesha mzee ni kwamba kusomeshwa bure hakukuwa mshahara hata siku moja. Wenyewe NCAA walikataa katakata kuuita hivyo. Na sababu ya kukataa ilianzia kwenye kesi ya mjane.

Mwaka 1955, kwenye jimbo la Colorado, kijana aitwaye Ray Dennison alikuwa akikichezea chuo kidogo cha Fort Lewis mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na kukumbana. Aliumia kichwa mchezoni, akafa. Mjane wake alidai fidia ile ambayo familia ya mfanyakazi yeyote hudai mtu wao akifia kazini. Hakudai mamilioni, alidai haki ya mjane.

Dai lake halikuwa la ajabu. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1953, Mahakama ya Juu ya Colorado hiyohiyo ilikubali kwamba Ernest Nemeth, mchezaji wa Chuo Kikuu cha Denver aliyeumia mgongo mazoezini, alikuwa mwajiriwa wa chuo. Nemeth alipewa kazi ya kutunza viwanja vya tenisi, na ushahidi ulionyesha kuwa kazi ile ilitegemea mpira: usipocheza, huna kazi. Mahakama ikasema huyo basi ni mfanyakazi na fidia anastahili.

Hapo ndipo wakubwa wa NCAA walipopata homa. Piga hesabu mwenyewe. Kama kila mchezaji ni mwajiriwa, kila goti linalovunjika ni dai, na kila kifo ni pensheni ya mjane na watoto. NCAA wakati huo iliongozwa na Walter Byers, aliyeshika usukani mwaka 1951 na kuukalia hadi 1987. Byers na mawakili wake hawakubadilisha jinsi mchezo unavyochezwa. Walibadilisha jina la mchezaji. Wakatunga neno: mwanafunzi-mwanamichezo, yaani "student-athlete", na kuagiza litumike kwenye kanuni zote na taarifa zote badala ya maneno kama mchezaji. Tunajua haya kwa sababu Byers mwenyewe aliyaandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1995, Unsportsmanlike Conduct, miaka minane baada ya kustaafu. Nimesoma maungamo mengi ya wanasiasa wastaafu, na kwa kawaida huungama dhambi za wenzao. Huyu aliungama yake. Alifika mahali pa kusema kwamba mfumo alioujenga kwa mikono yake unawanyonya vijana na inafaa wafunguliwe.

Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ilitoa hukumu dhidi ya mjane wa Dennison. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba chuo hakikuwa kwenye biashara ya mpira, wala hakikufaidika moja kwa moja na mchezo. Kwa haki kabisa, Fort Lewis ya mwaka 1955 kilikuwa chuo kidogo, na yawezekana kweli hakikuwa kikipata chochote cha maana getini. Ila neno lililoanza kusambazwa miaka hiyo lilikuja kuwakinga wakubwa waliokuwa wakipata, tena wakipata sana. Kichaka kilichomficha sungura sasa kikawa kinamficha tembo.

Kwa wapenda lugha wenzangu, litazameni neno lenyewe. Ni nomino mbili zimefungwa kwa kistari kidogo. Kijana akiomba mshahara anaambiwa wewe ni mwanafunzi. Akiomba ruhusa ya kwenda maabara saa za mazoezi anaambiwa wewe ni mwanamichezo. Hili la maabara silitungi. Mwaka 2014 wachezaji wa Northwestern, jirani na Chicago, waliomba kuunda chama cha wafanyakazi. Kiongozi wao, Kain Colter, alitoa ushahidi kwamba alitaka kuwa daktari wa mifupa, lakini somo la kemia alilolihitaji liligongana na mazoezi ya asubuhi. Akaishia kusoma saikolojia. Ofisa wa serikali wa masuala ya kazi aliyesikiliza ombi lao alikuta kwamba katika msimu wa mechi vijana wale walitumia saa 40 hadi 50 kwa wiki kwenye mpira, akaamua kwamba ni waajiriwa. Mwaka uliofuata bodi ya taifa ikakataa kulishughulikia suala hilo, na kura zilizokuwa zimepigwa hazikuhesabiwa.

Nikamrudia mzee na hili la kemia. Akanyamaza kidogo, akaongeza sukari. "Kwa hiyo hata hicho cha bure hakuchagua mwenyewe," akasema. Ndiyo hivyo, mzee wangu. Tena kwa miaka mingi hata uhakika wake ulikuwa mdogo. Ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo uliruhusiwa waziwazi mwaka 1956. Lakini kuanzia 1973 ukawa wa mwaka mmoja mmoja, wa kufanywa upya kila msimu. Ukimuudhi kocha, ukishuka kiwango, ukivunjika, chuo kingeweza kukwambia asante kwaheri. Mtu anayeweza kukufuta kwa sababu umeacha kufanya kitu fulani, sisi kwa Kiswahili tunamwitaje? Mimi namwita mwajiri.

Mwaka mmoja baada ya badiliko hilo, Oktoba 1974, Kent Waldrep wa Chuo Kikuu cha Texas Christian alivunjika shingo kwenye mechi dhidi ya Alabama, akapooza. Chuo kililipia matibabu kwa miezi kadhaa, kisha kikaacha. Miaka ya 1990 tume ya fidia ya Texas ilimkubalia dai lake, kampuni ya bima ikakata rufaa, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikamaliza shauri: hakuwa mfanyakazi. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kwa miaka 25 na zaidi alipoambiwa hivyo. Mjane mmoja wa California yeye alishinda, mwaka 1963, baada ya mumewe kufa kwenye ajali ya ndege akirudi na timu kutoka mechini. Baadaye watunga sheria wa jimbo wakarekebisha sheria ya kazi ili mjane mwingine asishinde tena.

Wanaotetea ridhaa husema fedha zimekuja juzi na kuuchafua mchezo uliokuwa safi. Historia haisemi hivyo. Mashindano ya kwanza kabisa baina ya vyuo vya Marekani yalikuwa ya kupiga makasia, Harvard na Yale, mwaka 1852, kwenye ziwa la New Hampshire. Aliyegharamia ni bosi wa reli aliyetaka abiria. Vijana walilipiwa safari, malazi, zawadi, na pombe bila kipimo. Hata Jaji Neil Gorsuch wa Mahakama ya Juu ya Marekani alipoandika hukumu ya mwaka 2021 aliianza historia yake hapo, kisha akamtaja James Hogan wa Yale, aliyevutwa chuoni mwanzoni mwa karne ya 20 kwa chakula na ada ya bure, safari ya Cuba, haki ya kuuza kadi za matokeo ya mechi zake, na uwakala wa sigara. Yaani dhambi zote wanazosingiziwa vijana wa leo, babu yao Hogan alishazimaliza.

Hilo wazo la usafi nalo lina asili yake, na si nzuri. Lilikuzwa Uingereza. Mwaka 1879 waandaaji wa mashindano ya mashua ya Henley waliweka kanuni kwamba hawezi kuhesabiwa wa ridhaa mtu yeyote ambaye ni fundi, kibarua, au aliyewahi kufanya kazi ya mikono kwa ujira. Soma tena hapo. Hawakumzuia anayelipwa kwa kupiga makasia tu, walimzuia hata seremala. Ridhaa ilikuwa uzio wa kutenganisha waungwana na watu wenye mikono migumu. Wamarekani waliuchukua uzio huo na kuusimika kwenye nchi yao, na mwaka 1906, baada ya mwaka mbaya ambapo vijana 18 waliripotiwa kufa wakicheza mpira na Rais Theodore Roosevelt kuwaita wakubwa wa vyuo Ikulu, wakaunda chama ambacho baadaye kikaitwa NCAA. Kiliundwa kuokoa maisha ya wachezaji. Kazi ya kulinda mifuko ya vyuo ilikuja baadaye.

Sasa nifike kwa watu wetu, maana nisingeshughulika na haya yote kama yangekuwa ya wageni peke yao.

Miaka ya 1970 makocha wa Marekani waligundua Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Washington State kilichukua Wakenya, Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso kikachukua Wakenya na Watanzania. Suleiman Nyambui, aliyekuja kutuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikuwa mwanafunzi wa El Paso. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 1978, naye alipita hapo. Kabati la vikombe la chuo kile lilijaa kwa miguu ya watu waliokulia Mara, Manyara na Bonde la Ufa.

Na kulikuwa na Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, kuruka viunzi na maji mita 3,000, mita 10,000, na mita 3,000. Watu hukumbuka Vienna na Oslo, zilikowekwa mbili za mwisho. Mbili za kwanza aliziweka kwenye mashindano ya wanafunzi, moja Berkeley na nyingine Seattle, mbele ya watazamaji wa kuhesabika, amevaa fulana ya chuo. Kwa wakati ule si NCAA tu, riadha nzima ya dunia ilikuwa ya ridhaa kwenye karatasi. Kilele cha maisha yake, siku 81 ambazo hakuna aliyezirudia, hakikuwa na bei halali.

Olimpiki nayo hakuiona. Kenya ilisusia Montreal 1976 na Moscow 1980. Miaka ya baadaye alifanya kazi ya kuosha magari na kubeba mizigo uwanja wa ndege hukohuko Marekani. Sitaki kudanganya hapa: pombe ilimmaliza kwa kiasi kikubwa, mwenyewe aliandika hivyo kwenye kitabu cha maisha yake, na fedha alizokuja kuzipata hazikukaa. Huwezi kusema angelipwa 1978 angeokoka. Alifariki Nairobi, Februari 2024. Niliandika taazia yake fupi, na nilipofika kwenye Washington State niliandika "alisoma huko". Nikaiacha hivyo. Leo ningeandika "alikimbilia huko", na ningemwacha msahihishaji aamue kama ni kosa la sarufi.

Yaliyofuata huko Marekani nitayapita haraka, maana ni ya mahakamani na mawakili hawana simulizi tamu. Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu na UCLA mwaka 1995, alimwona mtu anayefanana naye kila kitu kwenye mchezo wa kompyuta nyumbani kwa rafiki yake, jezi namba ileile, akicheza kwa mkono uleule wa kushoto, na hakuwa amepewa hata senti. Alifungua kesi 2009, akashinda kwa sehemu 2014. Mwaka 2019 California ikapitisha sheria ya kuwaruhusu wachezaji kuuza majina na picha zao. Juni 2021, majaji tisa kwa tisa wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya NCAA kwenye kesi ya Shawne Alston. Siku kumi baadaye, Julai 1, milango ya matangazo ikafunguliwa. Na kisha yakaja hayo makubaliano ya 2025.

Je, yamekuwa mazuri? Nusu nusu. Fedha nyingi zinaenda kwa wavulana wa mpira na kikapu. Vijana wanahama chuo kila msimu kama wachezaji wa Ligi Kuu dirisha la usajili likifunguliwa. Michezo isiyoingiza kitu, riadha ikiwemo, inatazamwa kwa jicho la kisu, kwa sababu hizo dola milioni 20.5 lazima zipatikane mahali. Na mpaka hapo hawajaitwa wafanyakazi. Wanagawiwa mapato, wanauza sura zao, lakini neno la Byers bado limo kwenye karatasi. Wachezaji wa kikapu wa Dartmouth walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama Machi 2024. Mwaka ulipoisha wakaliondoa ombi lao wenyewe.

Kuna kundi moja ambalo hata hii nusu haijalifikia sawasawa, na hapo ndipo mzee aliponikatiza kahawa yake ikiwa mdomoni. "Wetu je?" Wetu, mzee, wako huko kwa viza ya mwanafunzi. Viza hiyo inaruhusu kazi ndogo ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Nje ya chuo bila kibali ni marufuku. Kupiga picha ya tangazo la viatu ni kazi. Ukikamatwa hufungiwi mechi mbili, unaweza kurudishwa kwenu. Mawakili wanabishana kuhusu aina gani ya fedha inaweza kupita, vyuo vingi vinaogopa, na kijana wa Iten au Mbulu aliyeko huko anamtazama mwenzake wa chumba kimoja akilipwa.

Edward Cheserek, Mkenya, alishinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon hadi 2017, kwenye chuo alichosoma na kukimbilia Phil Knight, mwanzilishi wa Nike. Yeye alitangulia kabla ya milango kufunguka. Oscar Tshiebwe aliikuta milango wazi. Ni mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake cha Katanga ukikisikia utadhani kinaimbwa. Msimu wa 2021 hadi 2022 alikuwa mchezaji bora wa kikapu wa vyuo Marekani nzima, akiichezea Kentucky, akidaka wastani wa mipira 15 kila mechi. Kila kampuni ya jimbo lile ilimtaka. Sheria ya NCAA ikasema ruksa, viza ikasema hapana.

Agosti 2022 timu ilikwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Bahamas si Marekani. Basi kati ya mechi na mechi, kwenye kisiwa, Tshiebwe alipiga matangazo aliyokuwa ameyangoja, maana kazi iliyofanywa nje ya nchi viza haiigusi. Ziara ikaisha, timu ikapanda ndege, na alipokanyaga tena Kentucky akawa mwanafunzi.